Meinswichi ya Jikoni Katika Nyumba ya Urithi

Katika darsa za familia zinazofanyika misikitini hapa Tunduma tumesikia mengi yenye manufaa: haki za wanandoa, malezi ya watoto, adabu za kuingia na kutoka nyumbani. Kisanduku cha umeme kilichotundikwa ukutani hatujapata kukisikia kikitajwa, nasi hatuwalaumu masheikh wetu kwa hilo. Lakini ni kisanduku hicho, tena kikiwa kimechakaa, kilichotukutanisha sisi watoto wanne wa marehemu baba yetu, Allah amrehemu, tukakaa chini na kuzungumza mambo ambayo tangu siku ya mazishi yalikuwa yakiishia kooni: nyumba ni ya nani, anayeishi ndani yake ana wajibu gani, na kitu kinapoharibika fedha zitoke katika mfuko wa nani.

Marehemu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, njia ya Dar es Salaam hadi Lusaka. Nyumba hii aliijenga kidogo kidogo, safari moja tofali, safari nyingine bati, na akaiwekea umeme wakati Tunduma ingali mji wa Wilaya ya Mbozi katika Mkoa wa Mbeya, miaka mingi kabla ya kuanzishwa kwa Mkoa wa Songwe mwaka 2016. Nguzo ilikuwa uani, upande wa jiko, kwa hiyo waya uliingilia jikoni, na huko huko ndiko ulikofungwa ubao: kipande cha mninga kilichorandwa vizuri, juu yake meinswichi ya chuma yenye mkono wa kuvuta, na chini yake fyuzi nne za kauri nyeupe. Chini ya kila fyuzi baba aliandika kwa penseli ya seremala: TAA, VYUMBA, JIKO, UANI. Mdogo wetu wa mwisho alijifunza herufi kubwa hapo kabla hajaanza darasa la kwanza.

Fyuzi ya kauri ni kifaa chenye hekima nyepesi. Ndani yake hupita uzi mwembamba wa waya, nao umekusudiwa uwe sehemu dhaifu kuliko zote katika nyumba. Umeme ukizidi, uzi huo huyeyuka kabla nyaya za ukutani hazijapata joto la kudhuru. Kwa njia ya ampea 15, uzi unaotakiwa una unene wa nusu milimita tu. Kwa njia ya taa, ampea 5, ni milimita 0.2, mwembamba kiasi cha kupotea ndani ya kucha. Ukiyeyuka, mwenye nyumba hununua uzi mwingine wa kipimo kile kile na kuufunga. Taabu ni kwamba uzi wa kipimo haupatikani usiku wa manane, na hata maduka yakifunguliwa asubuhi huenda yasiwe nao. Nyumba ina giza, watoto wana mtihani, mgonjwa yuko kitandani. Basi mtu huchuna waya wa pasi iliyokufa, huchukua nyuzi zake tatu au nne, huzisokota pamoja na kuzifunga, na taa huwaka. Huwaka, na zisizimike tena kwa sababu ya fyuzi. Mafundi wazee watakuambia kwamba wamekuta hadi misumari.

Katika fyuzi ya JIKO ulikuwamo msokoto wa namna hiyo. Baba alijua kuunga waya kama walivyojua madereva wa zama zake, ambao lori likiwagomea porini hawakuwa na wa kumpigia simu. Na kwa nyumba ya wakati ule, yenye balbu sita, redio, na pasi iliyotolewa kila Ijumaa kwa ajili ya kanzu, msokoto ule haukumdhuru mtu.

Kilichobadilika ni jiko lenyewe. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Sisi tuliupokea wito huo kwa furaha, kwa kuwa kifua cha mama yetu kimeshiba moshi. Dada yetu mkubwa, anayefanya kazi Mbeya, alimletea jiko la presha la umeme, na maharage yaliyokuwa yakimaliza ndoo ya mkaa sasa huiva kabla darsa ya Alasiri haijakwisha. Baadaye likaja birika la umeme, kisha friji.

Tena Tunduma ni nchi ya baridi. Msomaji wetu wa Tanga au wa Kilwa hawezi kuifahamu Juni ya huku, pale maji ya bomba yanapouma vidole saa kumi na moja alfajiri. Tunazijua fadhila za kutimiza udhu wakati wa taabu, lakini mwanamke mwenye umri wake na magoti yake yenye maumivu hakukatazwa maji ya uvuguvugu. Kwa hiyo kila alfajiri hita hutumbukizwa katika ndoo, birika huchemka kwa ajili ya chai, na jiko la presha huanza kazi ya uji wa ngano.

Hebu tuifanye hesabu ya alfajiri hiyo. Hita wati 1,500, birika wati 2,000, jiko la presha wati 1,000. Jumla ni wati 4,500. Zigawe kwa volti 230 unapata karibu ampea 20, zote zikipita katika njia iliyowekewa fyuzi ya ampea 15, na katika nyaya za ukutani zenye milimita 1.5 za mraba, ambazo mafundi wa leo huzitumia kwa taa. Joto la waya nalo haliongezeki sawasawa na mzigo: umeme ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Msomaji asidhani kwamba uzi sahihi wa fyuzi ungetutosheleza. Fyuzi za namna hii huweza kuvumilia karibu mara mbili ya kiwango chake kabla hazijayeyuka, na katika uvumilivu huo nyaya huendelea kuiva taratibu ndani ya ukuta, mwaka baada ya mwaka.

Alfajiri moja, baada ya swala, mama alisikia harufu ya plastiki inayoungua, akadhani mfuko umegusa jiko. Mke wa mdogo wetu, anayeishi naye, ndiye aliyesogea hadi kwenye ubao. Kauri ya JIKO ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika, na chokaa nyuma ya ubao ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Alishusha mkono wa meinswichi, akatupigia simu sote kwa zamu. Allah amlipe kheri.

Fundi wa kwanza tuliyemwita alitazama kwa muda mfupi mno. Alitaka kung'oa fyuzi zote nne na kuweka mahali pake breka moja kubwa ya ampea 63, kazi ya saa moja na bei ya kupendeza. Alisema breka hiyo haitatusumbua kwa kukatakata. Hakusema uongo, na humo ndimo ilimokuwa hatari: breka ya ampea 63 mbele ya waya unaoungua kwa ampea 20 ni mlinzi aliyelala. Tulimshukuru, tukampa nauli, akaenda zake.

Wa pili alikuwa fundi mwenye leseni ya EWURA, na tofauti yake ilionekana kabla hajafungua begi. Alizunguka nyumba nzima akihesabu soketi. Aliuliza ni vitu gani huwashwa kwa wakati mmoja, na mama akamweleza juu ya maji ya udhu. Aliuliza fimbo ya ethi iko wapi, nasi tukamwonyesha pembe ya uani ambapo waya wake ulikuwa umekatika kwenye shina la mpera, labda kwa jembe, labda kwa kutu tu. Kisha akasema ubao ule hautengenezeki, na hata ungetengenezeka, haufai kubaki jikoni. Mvuke wa sufuria, masizi na mafuta yanayoruka hujenga utando juu ya viungio, na utando huo hula shaba na kukaribisha cheche. Tena siku moto ukianza jikoni, mtu atapita katikati ya miali kwenda kuzima umeme.

Mama hakulipenda neno hilo. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akinyoosha mkono gizani na kuupata ule mkono wa chuma bila kupapasa, na alisema nyumba imesimama kwa ulinzi wa Allah, wala si kwa breka. Hapo dada yetu mdogo, anayefundisha madrasa, alimkumbusha kwa upole habari iliyopokelewa na Bukhari na Muslim: nyumba moja mjini Madina iliungua usiku na watu wake wakiwamo, na Mtume (s.a.w.) alipoelezwa akaueleza moto kuwa ni adui wa watu, akawaagiza wauzime kabla ya kulala. Wale nao walikuwa chini ya ulinzi wa Allah, tena katika mji wa Mtume Wake. Mama alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Uondoeni. Lakini ubao wa baba yenu msiutupe."

Ikabaki fedha, na hapo ndipo kikao kilipokuwa kirefu.

Wazazi wa baba walikwisha kumtangulia. Alimwacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na wawili wa kike. Mama ana thumni yake. Kilichobaki ni cha watoto, wa kiume kwa fungu la wa kike wawili. Ukitaka kuepuka vipande visivyogawika, igawe nyumba mafungu 48: mama 6, kila mtoto wa kiume 14, kila mtoto wa kike 7. Mgawanyo huo ulikuwa umeandikwa mapema, alhamdulillahi, lakini nyumba haikuuzwa kwa kuwa mama anaishi ndani yake na sote tumeridhia. Na mali ya ushirika ina kanuni yake inayojulikana kwa mafaqihi: gharama ya kuihifadhi huwafuata wenye mali kwa kadiri ya mafungu yao.

Mmoja wetu alitoa hoja kwamba anayewasha ndiye alipe, na wawashaji ni wale wanaoishi pale. Hoja haikuwa mbaya, ila ilichanganya vitu viwili. Tokeni za LUKU ni za mtumiaji, na mdogo wetu hajawahi kutuomba hata shilingi kwa ajili yake. Nyaya za ukutani ni za wenye nyumba. Paa likivuja hatumwambii aliyelala chini yake anunue bati peke yake.

Ndipo wale wa kiume waliposema watabeba gharama yote, dada zao wasisumbuke. Ulikuwa ukarimu wa kweli. Dada yetu mdogo aliukataa papo hapo. "Mkinilipia leo," alisema, "wajukuu wenu watasema nyumba ilikuwa yenu." Alisema akicheka, nasi tulicheka, lakini hapakuwa na mtu katika kile chumba asiyezijua nyumba za mji huu ambazo mambo yalikwenda hivyo hasa: kaka alipaka rangi, kaka akaweka geti, kaka akalipa kodi ya jengo, na baada ya miaka kumi dada akaambiwa yeye alikuwa mgeni siku zote. Fungu alilompa Allah halihitaji kuthibitishwa kwa risiti, hilo tunalijua, lakini tulimwelewa. Alilipa mafungu yake saba, na dada mkubwa saba yake. Mafungu sita ya mama tuliyabeba sote kuwa ni birr, naye aliyakubali baada ya kuhakikishiwa mara mbili kwamba hayatakatwa popote. Yote yameandikwa katika daftari moja, pamoja na risiti za duka. Jumla, vifaa na ufundi, ilikaribia bei ya ng'ombe wa wastani mnadani, na tunaitaja ili asiyenacho kwa mkupuo ajue ni kitu cha kuwekewa akiba.

Fundi hakukubali tumnunulie vifaa bila yeye. Tunduma ni mji wa mpaka. Bidhaa hushuka kutoka Dar es Salaam na nyingine huvuka kutoka Nakonde, na nzuri na mbovu hukaa rafu moja. Alizipima breka kwa kiganja. Iliyo nyepesi kama kiberiti aliirudisha bila maneno, kwa kuwa breka bandia huweza kuwa swichi tupu ndani ya ganda, isiyokata kitu. Alitafuta alama ya ubora ya TBS, maandishi yasiyofutika kwa kidole, na mkono unaoruka kwa mshindo unapourudisha.

Mita ya LUKU na waya unaotoka nguzoni ni vya TANESCO, na lakiri yake haikatwi na fundi wa mtaani, hata awe hodari namna gani. Kwa hiyo maombi yalipelekwa ofisini, umeme ukakatwa kwa utaratibu, na kazi ikaanza. Ubao ulipong'olewa tuliona kile tulichokuwa tukiishi nacho. Ganda la nyaya za jikoni lilikuwa limekauka kiasi kwamba lilivunjika vidoleni kama ganda la karanga, na mahali pamoja shaba ilikuwa tupu, ikigusana na mninga uliogeuka mkaa kwa upana wa sarafu. Mama aliletewa kiti. Aliutazama mkaa ule, akasema "Subhanallah", akaingia ndani kuswali rakaa mbili.

Kisanduku kipya kipo koridoni, kimo cha macho, mbali na mvuke. Taa zina nyaya za milimita 1.5 na breka ya ampea 10. Soketi za vyumba zina njia yake ya milimita 2.5 na ampea 20, za jikoni zina yake, na ile ya hita ya maji ya udhu imepewa njia ya peke yake. Kuna nafasi moja iliyoachwa wazi, na waya wa milimita 6 umekwisha kupitishwa ukutani, kwa ajili ya siku mama atakapotaka jiko kubwa la umeme. Fimbo mpya ya ethi imezamishwa uani, mbali na mpera.

Mbele ya breka zote kimewekwa kifaa ambacho ubao wa baba haukuwa nacho, na mafundi hukiita kwa herufi tatu, RCD. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na umeme unaorudi. Vikitofautiana, maana yake kuna umeme umepata njia nyingine, pengine kupitia mwili wa mtu aliyegusa ndoo yenye hita mbovu, nacho hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Chetu hukata tofauti inapofikia miliampea 30. Fyuzi na breka hulinda nyaya. Hiki humlinda mtu. Tungekuwa na fedha za kitu kimoja tu, fundi alituambia, tungeanza na hiki pamoja na ethi, nasi baada ya kuona namna mama anavyochota maji tunakubaliana naye.

Kina kitufe cha kujaribia. Ukikibonyeza, nyumba yote huzimika, na kisipozima fundi huitwa siku hiyo hiyo. Mama ndiye aliyeichukua kazi hiyo. Hubonyeza kila mwezi unapoandama, na watoto wa jirani wamezoea kusikia friji ikinyamaza na sauti yake ikisema "Kipo hai." Majina ya njia tumeyaandika kwa herufi kubwa kama yalivyokuwa, TAA, VYUMBA, JIKO, UANI, tukaongeza moja, UDHU, na chini yake namba 114 ya Zimamoto.

Wiki moja baadaye jirani alikuja kuomba ile meinswichi ya chuma na fyuzi zake. Ana vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba yake, wapangaji wengi wao ni vijana wanaofanya kazi mpakani, na alisema vifaa vya zamani vilikuwa imara kuliko plastiki za siku hizi. Ni mtu mwema, aliyechimba kaburi la baba pamoja nasi. Kumnyima kitu ambacho kwetu ni chuma chakavu kulikuwa kuzito, na mmoja wetu alikwisha kuanza kukitafuta kibandani. Kaka mkubwa alimwomba kwanza aingie jikoni. Akamwonyesha doa jeusi ukutani, ambalo hatujalipaka rangi, kisha akamletea ubao kutoka chumbani kwa mama, upande wa nyuma ukiwa juu.

Jirani aliupitisha kidole kwenye ule mkaa, akauliza fundi anapatikana siku gani. Jumamosi iliyofuata walikwenda pamoja vyumbani kwa wapangaji. Meinswichi tuliiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, baada ya fundi kuivunja mkono.